Nani Alimbeba Mtoto?



Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huamini kwamba saikolojia ya makuzi ilizaliwa Ulaya, kisha ikatufikia ndani ya vitabu. Kwa Freud, sina ubishi nao. Kwa nadharia inayotawala mazungumzo ya malezi leo, ile ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, nawabishia. John Bowlby aliiasisi London, lakini Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi naye, aliichunguza kwa watoto majumbani mwao katika vijiji vya jirani na Kampala.

Alifika Uganda mwaka 1954, mumewe alipopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii. Alitaka kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi akiachishwa ziwa. Akakuta familia nyingi haziifuati tena. Basi akaketi sebuleni na mkalimani wake, katika familia 26, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi. Mtoto mwenye hakika na mama yake, aliona, ndiye anayethubutu kutambaa hadi mlangoni, akageuka kumtazama, akaendelea na shughuli zake. Asiye na hakika huendelea kulia hata akiwa amepakatwa. Tena mama aliyeweza kusimulia kwa undani vituko vya mwanawe, mara nyingi mwanawe alikuwa ametulia. Wanaotuambia kwamba mtoto akibebwa sana atadeka (nami nimelelewa na watu wa msimamo huo) hawapati msaada hapo.

Sebule zile zilijaa watu: bibi, baba, kaka, dada, wageni wa alasiri. Ainsworth mwenyewe aliandika kwamba watoto walifungamana na baadhi ya hao pia. Lakini kipimo kilichompa umaarufu alikibuni Baltimore, Marekani: chumba kimoja, mama, mtu mgeni, vipindi vya dakika tatu tatu. Mama anatoka, mama anarudi, mtoto anapangwa katika kundi lake. Bibi na dada hawakuwa na kiti katika chumba hicho.

Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walipokipeleka kipimo hicho kwa Wakisii wa Kenya, matokeo wakiyachapisha mwaka 1986, ilibidi wakirekebishe. Huko mtoto mchanga huzoea kusalimiwa kwa mkono, kwa hiyo mwenye utulivu alionekana kwa kuunyoosha mkono wake mtu anaporudi. Isitoshe, walimpima mtoto pamoja na mlezi wake mdogo, yule ndugu anayembeba mama akiwa shambani. Mfungamano na mama ulihusiana na lishe ya mtoto. Ule wa mlezi mdogo ulihusiana na ukuaji wa akili yake. Sampuli ilikuwa ndogo, nakiri, lakini matokeo hayo yangestahili nafasi kubwa zaidi katika mitaala yetu.

Na huyo mbebaji, anabaki vilevile? Carol Ember alichunguza wavulana Wajaluo wa Oyugis. Pale ambapo nyumba ilikosa binti wa umri unaofaa, mvulana alipewa kazi za kike: kuteka maji, kupika, kulea. Makala yake ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba wavulana waliofanya kazi nyingi za namna hiyo, hasa za ndani ya nyumba, mwenendo wao ulisogea karibu na wa wasichana, ubabe ulipungua. Hawakuhubiriwa upole. Kazi ndiyo iliyowafinyanga, na kazi yenyewe waliipata kwa bahati ya mpangilio wa uzazi.

Tangu Tanzania ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, watoto wengi zaidi wako darasani asubuhi, jambo ninaloliunga mkono bila shaka yoyote. Mjini nafasi ya mlezi mdogo imeshikwa na dada wa kazi, mara nyingi binti aliyetoka mbali, anayeweza kuondoka mwisho wa mwezi bila mtoto kuagwa. Dodoso zetu humuuliza mama kiwango cha elimu, humuuliza baba kipato. Nawaomba wanafunzi wangu wa uzamili waanze na dada: amekaa na mtoto huyu muda gani, nani alimlea mtoto kabla yake, na yeye mwenyewe alilelewa na nani.