Mpaka Unaosogea: Haki za Mnunuzi wa Kiwanja cha Ufukweni

Anayenunua kiwanja kinachopakana na bahari huvutwa na maji, na mara nyingi hulipa bei kubwa kwa ajili ya maji hayo, ilhali sheria haimpi hata mchanga unaofunikwa na maji yanapojaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Fikra yenyewe ni kongwe, kwani sheria za Kirumi zilizotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533 zilikwisha kuutaja ufuko wa bahari kuwa kitu cha watu wote.

Tanzania Bara imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma na kwamba Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote, hivyo kinachouzwa si ardhi yenyewe bali haki ya kuimiliki, yaani idhini ya kuishika na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa masharti yaliyoandikwa katika hati. Kwa kawaida asiye raia hapewi haki hiyo isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Juu ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuko wa bahari au ziwa na ukingo wa mto. Mwenye kiwanja chenye urefu wa mita 80 kutoka majini anaweza basi kubakiwa na mita 20 tu za kujenga, ingawa amelipia zote, na hati yake ikawa halali kabisa. Hakuna jambo linalofichwa zaidi na wauzaji kuliko hili, na kulifichua ni wajibu wa kila mpima na kila wakili anayeshiriki mauzo ya namna hiyo.

Ugumu unaongezeka kwa sababu mstari wenyewe wa maji hautulii. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi cha siku nyingine, tofauti ya kina katika pwani ya Dar es Salaam hupita mita 3, na katika ufuko ulio tambarare tofauti hiyo hugeuka kuwa mamia ya mita za mchanga. Anayekagua kiwanja wakati wa maji mafu, ambapo bahari hujaa na kupwa kidogo, huona ardhi asiyoweza kuitegemea. Huko Kunduchi mmomonyoko umekula ufuko na kubomoa majengo, huku bikoni, yaani alama za mipaka, zikibaki kwenye ramani tu.

Zipo pia haki za watu waliokuwapo kabla ya mnunuzi: wavuvi wanaopandisha ngalawa, wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza maji yakipwa, na njia wanazopita kufika huko. Ukuta unaofunga njia hizo ni dhuluma, hata kama umejengwa ndani ya mipaka ya hati. Zanzibar, ambako Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 inakubali miti iwe na mwenyewe wake mbali na mwenye ardhi, mnunuzi hulazimika kuuliza minazi ni ya nani.

Huko Tanzania Bara, katika ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, saini ya mwenyekiti peke yake haihamishi haki yoyote. Na pale penye hati, upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati hutangulia malipo.