Mafuta ya Karafuu na Fangasi wa Mdomoni

Wasikilizaji wa Kahororo, Bukoba na Muleba, utando mweupe ulimini unaweza kuletwa na fangasi aitwaye Kandida.

Kandida huishi mdomoni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Kinga ya mwili ikishuka, huzaliana. UKIMWI hushusha kinga hiyo, na utando huu ni miongoni mwa dalili zake.

Je, mafuta ya mimea humuua Kandida? Maabarani, ndiyo. Karafuu ya Unguja na Pemba ina kemikali iitwayo yujenoli. Mchaichai wa uani una nyingine iitwayo sitrali. Zote mbili hutoboa utando unaoizunguka seli ya fangasi. Vya ndani vinavuja, fangasi anakufa.

Lakini mdomo si maabara. Mafuta makali ya karafuu huunguza, na mtoto akiyameza ni sumu.

Kwa hiyo, usimpake mtoto mafuta hayo mdomoni. Nenda zahanati, upewe dawa ya fangasi, umalize dozi. Mtu mzima, utando ukijirudia, pima VVU, yaani virusi vya UKIMWI.

Kumbuka tena: mafuta ya karafuu hayachukui nafasi ya dawa. Ukiuona utando, nenda zahanati.