Bastola ya Kulengea Shabaha

Leo twapenda kuwaeleza habari za silaha iliyofanyizwa ili itoboe karatasi, wala si kumdhuru mtu. Ndiyo K-22, bastola ya Smith & Wesson iliyotengenezwa katika mji wa Springfield, Marekani.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1836 Samuel Colt alipata huko Marekani haki ya uvumbuzi wa bastola yenye silinda izungukayo kila nyundo yake ivutwapo nyuma. Siku zile baruti na risasi zilishindiliwa kwa upande wa mbele. Mwaka 1857 Smith na Wesson, kwa ruhusa ya Rollin White, mwenye haki ya silinda iliyotobolewa toka mwisho hata mwisho, walianza kuuza bastola itiwayo risasi za ganda la shaba kwa nyuma.

K-22 ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikatengenezwa upya mwaka 1946. Mtutu wake ni inchi 6, silinda yake hutwaa risasi 6, na upana wa risasi ni kama sehemu 22 katika 100 za inchi. Risasi hiyo ni rahisi kwa bei, wala haisukumi mkono kwa nguvu. Basi mwanafunzi hupiga mara nyingi pasipo kuzoea kufumba macho kwa hofu.

Kilengeo chake cha nyuma husogezwa kwa parafujo ndogo, juu na chini, kulia na kushoto. Kwa nini taabu hiyo yote? Na tupige hesabu. Vilengeo viwili vikiachana inchi 7, kosa la sehemu moja tu katika 100 za inchi huzidi inchi nzima katika shabaha iliyo mbali yadi 25. Kwa sababu hiyo mafundi walifupisha pia mwendo wa nyundo, mkono usipate nafasi ya kutikisika kabla risasi haijatoka.

Hata hivyo tusidanganyike. Risasi hiyo ndogo yaweza kuua, na silaha haipambanui karatasi na mtu. Kwa hiyo kila bastola na ihesabiwe kuwa imejaa, wala kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga. Tena chombo kizuri hakimponyi mwenye papara. Humwonyesha kosa lake tu, nalo huliona kwa macho yake katika karatasi.