Ajali za Nyumbani: Kuanzia Mtoto Atambaaye Hadi Mzee wa Mkongojo

Hotuba ya Afisa Afya wa Kata katika mkutano wa hadhara wa wakazi



Tunapomzika mtu aliyeungua au aliyetumbukia kisimani, huambizana kwamba ajali haina kinga. Ni neno la kuwafariji wafiwa, nami nimelitamka mara nyingi nikiwa nimeketi nao mkekani. Lakini kazi yangu hunilazimu kurudi katika nyumba ile baada ya matanga na kuuliza maswali yasiyopendeza. Chupa ilikuwa wapi? Jiko liliwekwa wapi? Kisima kilikuwa na mfuniko? Karibu kila mara majibu huonyesha kwamba kinga ilikuwapo, ila hakuna aliyeiweka.

Nianze na chupa. Mtoto wa miaka miwili aliletwa kwetu akiwa amekunywa mafuta ya taa. Yalikuwa yamenunuliwa kwa chupa ya soda, kama wengi wetu tununuavyo, na chupa ikawekwa chini ya meza. Mtoto yule alijua soda. Mafuta ya taa hakuyajua. Bibi yake, kwa mapenzi, alimnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike, na hapo ndipo hatari ilipozidi. Mafuta ya taa huumiza zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakibaki tumboni, na kumtapisha aliyeyanywa ni kuyafungulia njia ya mapafuni. Mtoto alilala wodini siku kadhaa akihangaika kupumua, tunashukuru alipona. Kwa hiyo aliyekunywa mafuta ya taa, maji ya betri au dawa kali ya kusafishia choo asitapishwe kamwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa ile ichukuliwe ili mganga aione.

Mtoto wa umri huo huishi sakafuni, nasi hupanga nyumba kwa kimo chetu. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo akatangulia kichwa, hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumuua. Wala hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Ndoo na madiaba yafunikwe, na lililokwisha kazi limwagwe.

Sufuria ya uji juu ya jiko lililo chini ni hatari ya namna hiyohiyo. Mtoto akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mkimvua nguo na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandana na ngozi iacheni hapo hapo. Kisha mfunikeni kwa kitambaa safi, mje naye. Ute wa yai, unga na mafuta ya kula huleta uchafu kidondani na kutuongezea kazi ya kusafisha. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.

Kwa vijana na watu wazima, hofu yangu kubwa ni jiko la mkaa chumbani katika miezi hii ya baridi. Watu hudhani kwamba mkaa ukishika moto na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hukamata nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki. Mkiona watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Kufungua dirisha dogo hakutoshi; jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Wazee wetu nao huanguka. Ulimwenguni, miongoni mwa vifo vya ajali, kuanguka kunafuata ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Hapa niseme la kwangu. Mama yangu mzazi alivunjika nyonga alfajiri akielekea chooni, akijikwaa kwenye kizingiti nilichokijenga kwa mikono yangu ili kuzuia maji ya mvua. Nilikuwa nikiwafundisha watu afya kwa miaka mingi, na kila siku nilikiruka kizingiti kile bila kukiona. Tangu hapo hatembei bila mkongojo.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuwalaumu akina mama kila ajali itokeapo. Mama anateka maji, anapika, ana mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Kumwambia awe mwangalifu zaidi ni kumwongezea mzigo tu. Kuinua meko kwa tofali hadi kimo cha kiuno, kutengeneza mfuniko wa kisima wenye kufuli, kupigilia rafu ya juu ya mafuta na dawa, kufunga mti wa kushikilia njiani kwenda chooni: hizo ni kazi za nyundo na mwiko, na nyingi humalizika kwa Jumamosi moja. Wenye nyumba za kupangisha nao wasiwaachie wapangaji jambo hili.

Moto ukizuka, pigeni simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nanyi mkiwa mmekwisha kutoka nje.

Sasa niko tayari kupokea maswali, na kwa leo ningependa tuanze upande walikoketi akina baba.