Nyumba za Mawe za Lamu kama Karakana za Pamoja za Wasanii

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una eneo la hekta 15.6 tu, lakini humo zimo nyumba za mawe ambazo baadhi yake hukaa zimefungwa kwa miaka mingi, si kwa kukosa wenyewe, bali kwa kuwa wenyewe ni wengi mno. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu kila mrithi hupata fungu lake, na baada ya vizazi vitatu nyumba moja yaweza kuwa mali ya watu waliotawanyika Mombasa, Zanzibar na Ghuba, ambao hakuna mmoja wao awezaye kuikarabati peke yake. Mada hii ya semina inashikilia kwamba karakana ya pamoja, yaani nyumba ambamo wachoraji, wachongaji wa mbao na washonaji wa kofia hushirikiana vyumba, zana na gharama, inaifaa nyumba ya namna hiyo kuliko kuuzwa ikawa hoteli, kwa sababu karakana hukodi, na kodi hugawika kwa mafungu ya warithi bila nyumba kutoka mikononi mwa ukoo.

Hata hivyo, nyumba ya Lamu haikubali kila kazi katika kila chumba, na hapa ndipo panapohitaji umakini zaidi. Mgeni hupokewa katika daka, kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni, kisha hupita tekani, ukumbi mdogo unaopinda ili mpita njia asione ndani, ndipo afike kwenye kiwanda, ambacho kwa Kilamu ni ua wa ndani usioezekwa. Kwingineko neno hilo hilo humaanisha mahali pa kazi za ufundi, na ni vigumu kutofurahia kwamba maana hizo mbili zaweza kukutana tena chini ya mbingu ile ile. Kutoka kiwandani hufuata msana wa tini na msana wa yuu, kumbi ndefu na nyembamba ambazo upana wake hauzidi sana mita tatu, kwa kuwa dari yake hulala juu ya boriti za mikoko zisizoweza kuvuka nafasi kubwa zaidi. Halafu huja ndani, chumba cha faragha chenye zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa. Sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua kwa kila hatua, hivyo mchongaji na magogo yake wanastahili kuwa kiwandani, mchoraji katika msana wa tini unaopata mwanga wa ua, na chumba cha ndani kiachwe bila msumari hata mmoja.

Ukarabati nao una sharti lisilopaswa kulegezwa, kwamba ukuta wa matumbawe ufungwe kwa chokaa, kamwe usifungwe kwa saruji. Matumbawe hubeba chumvi na unyevu, na chokaa huuruhusu unyevu huo utoke. Saruji huuziba, chumvi ikaganda nyuma yake na kuibandua lipu vipande vipande, huku vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vikioza bila kuonekana, hadi siku dari inapoinama. Saruji inayoonekana rahisi leo huwa ghali kuliko zote.

Kubadili matumizi si jambo geni mjini humo, kwani ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 ilikuwa gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho yenye maktaba. Tofauti ni kwamba ngome haina jirani wa ukuta kwa ukuta, ilhali nyumba inaye, na vichochoro vya Lamu havipitishi gari la zimamoto. Kwa hiyo nyundo zinyamaze wakati wa sala na usiku, na vimiminika vya kuyeyushia rangi visilazwe chini ya boriti.

Washiriki wa semina hii wanaombwa kuanza na nyumba moja tu, yenye mkataba ulioandikwa na kusainiwa na warithi wote, wakiwemo wanawake, ambao kwa desturi ya Lamu ndio waliojengewa nyumba hizo na baba zao walipoolewa. Na fundi chokaa aitwe kabla ya msanii wa kwanza kukabidhiwa ufunguo.