Mlezi na Mwanagenzi Hospitalini

Fungueni madaftari, mwandike maneno mawili: MLEZI na MWANAGENZI. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya. Mlezi ni mtu aliyetangulia katika kazi ile, naye humwongoza mwanagenzi.

Labda utasema, "Mimi najifunza kusoma. Habari za madaktari zanihusu nini?" Zakuhusu sana. Pengine binti yako anasomea uuguzi Tosamaganga au Ilembula. Pengine wewe mwenyewe ni mhudumu wa wadi, au mhudumu wa afya kijijini. Tena kila mmoja wetu huenda akalala kitandani siku moja, akitibiwa na mtu aliyefunzwa na mwingine.

Kazi ya hospitali haifunzwi kwa vitabu peke yake. Daktari wa Tanzania husoma chuo kikuu miaka 5. Akiisha kufaulu, bado haachiwi. Hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya macho ya wakubwa wake. Kwa nini? Kitabu chaweza kueleza habari za tumbo linaloumwa, lakini hakiwezi kukushika mkono na kukuonyesha mahali pa kubonyeza. Hiyo ni kazi ya mlezi.

Fikirini miche ya chai kule Mufindi. Mche mchanga hukaa kitaluni chini ya kivuli. Siku ya kuupeleka shambani ikikaribia, mkulima hupunguza kivuli kidogo kidogo. Akikiondoa mara moja, jua litauunguza. Akikiacha siku zote, mche utakuwa dhaifu.

Mlezi mwema hufanya vivyo hivyo. Kwanza, mwanagenzi hutazama. Pili, hufanya mwenyewe, na mlezi amesimama karibu. Tatu, hufanya peke yake, na mlezi yuko mahali anapoweza kuitwa. Lakini wako wakubwa wanaomwacha mwanagenzi juani siku ya kwanza. Wako na wengine wasiomwachia kushika kitu chochote, kwa kuogopa kwamba mdogo atawapita.

Mwanagenzi naye ana wajibu wake. Wajibu wa kwanza ni kusema "Sijui" mapema.

Tuseme ni saa nane ya usiku. Mama amejifungua, lakini damu haikatiki. Muuguzi kijana yuko peke yake wadini, naye ana shaka. Mkunga mkuu amelala nyumbani kwake, hatua chache tu. Lakini juzi alipoamshwa alifoka, "Hata hili hulijui?" Basi kijana ajiambia, "Nitangoja kidogo." Wasikilizaji, damu ya namna ile yaweza kumwua mama kwa saa chache tu. Nani amekosa? Wote wawili. Mkubwa alimtisha mdogo wake, na mdogo akaogopa kumwita. Anayelipa ni mama yule, ambaye hana habari ya ugomvi wao.

Mimi ni afisa wa elimu, si daktari, lakini kosa hilo nalijua. Nilipoanza kazi sikufahamu namna ya kujaza daftari la hesabu. Niliona haya kumwuliza mkubwa wangu, nikabahatisha mwezi mzima. Hesabu zile tuliziandika upya, yakaisha. Maisha ya mtu hayaandikwi upya.

Sasa sikilizeni habari ya kweli kutoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1967 palifunguliwa wadi ndogo ya saratani katika hospitali ya Mulago, Kampala. Watoto wenye saratani ya taya walitibiwa humo. Mkuu wake alikuwa daktari Mmarekani, John Ziegler. Daktari kijana wa Uganda, Charles Olweny, alifanya kazi naye na kujifunza. Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, wageni wengi waliondoka, na Ziegler pia akaondoka. Je, kazi ilikufa? La. Olweny alishika uongozi, na wagonjwa wakaendelea kutibiwa. Wadi ile ndiyo chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo iko mpaka leo. Basi mlezi hupimwa siku anapoondoka: je, ameacha mtu wa kuishika kazi?

Yashikeni mambo haya manne.

1. Mlezi amkosoe mwanagenzi faraghani, si mbele ya mgonjwa, ila kama kuna hatari.
2. Mwanagenzi akikosea, aseme siku ile ile. Kosa lililofichwa halimfunzi mtu.
3. Mwanagenzi asingoje kuitwa. Aende na swali lake, amelifikiri kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
4. Heshima si utumwa. Mlezi asimtume mwanagenzi kumfulia nguo, wala asidai fedha au mapenzi kuwa malipo ya kumfundisha. Akitendewa hivyo, mwanagenzi asinyamaze. Aende kwa mkuu wa chuo, au kwa mtu mzima anayemwamini.

Nawe mzazi, mtoto wako akirudi likizo, usimwulize tu, "Umepata alama ngapi?" Mwulize pia, "Nani anakufundisha kazi? Ukikwama usiku, unaweza kumwita?" Jibu lake litakuonyesha mengi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Muuguzi kijana angefanya nini saa nane ile ya usiku? Mkunga mkuu je, angefanya nini juzi yake?
2. Katika kazi yako, shambani au dukani, nani alikuwa mlezi wako? Alikupunguzia kivuli namna gani?
3. Andika sentensi mbili za kumwambia mwanagenzi anayeogopa kuuliza.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.