KUNGOJEA MVUA YA VULI HUKO KAMBU

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wakulima wa Kambu, katika siku za mwisho za mwezi wa Septemba.)



Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi, nami nimechagua jambo ambalo kila mtu aliyeketi hapa analo moyoni, yaani mvua tunayoingojea. Mimi si Bwana Shamba, wala si mtaalamu wa mawingu. Kazi yangu ni kufasiri maneno. Lakini nilizaliwa katika nchi hii, na mama yangu angali akilima hapa; kwa hiyo wasiwasi wa mwezi wa Septemba naujua tangu utoto wangu.

Itazameni nchi yetu leo. Tangu mwezi wa Juni mawingu yamelala juu ya vilima vya Chyulu, na asubuhi nyingi jua halikuonekana mpaka saa nne au saa tano. Wazee waliota moto hali wamejifunika mablanketi. Mgeni akiyaona mawingu hayo hudhani ya kuwa mvua i karibu, lakini mwenyeji hadanganyiki. Sasa upepo na vumbi vimefuata. Ukisafiri kwa njia kuu kutoka Mtito Andei mpaka Kibwezi, waona pori lote limekuwa rangi ya majivu, miti imepukutisha majani, na mibuyu imesimama uchi. Sisi Wakamba majira haya ya ukavu twayaita thano.

Watu wengi wameniuliza, Yawezekanaje mawingu kukaa miezi mitatu bila ya kunyesha? Sababu yake ni hii. Katika miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa yake ni ya baridi, na juu yake imo tabaka ya hewa kavu iliyoifunika kama kifuniko kifunikavyo chungu. Wingu haliwezi kupanda. Na wingu lisilopanda haliwezi kuleta mvua, ila manyunyu tu. Lakini katika siku ya 22 au 23 Septemba jua hupita juu ya ikweta likielekea kusini. Ndipo upepo wa kusi unapoanza kulegea. Mabaharia wa pwani huyaita majira hayo tanga mbili, kwa kuwa kusi inaondoka na kaskazi haijashika. Baadaye pepo hizo mbili hukutana juu ya nchi yetu, hewa hupanda, na mvua hunyesha. Kwetu Kambu mara nyingi huanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba.

Mvua hii ya vuli, ambayo kwa Kikamba ni nthwa, ndiyo tegemeo letu. Katika sehemu nyingine za Kenya watu huitumaini zaidi mvua ya masika, ya Machi mpaka Mei. Kwetu sivyo. Mvua ya masika, yaani uua, ni haba na haiaminiki. Mkulima wa Kambu akikosa nthwa, amekosa mwaka.

Nimesoma ya kuwa katika Uingereza na nchi nyingine za kaskazini watu nao huwa na miezi mirefu ya baridi na giza, wakingojea majira ya kuchipua. Lakini kungojea kwao si sawa na kwetu. Wao huona mchana ukirefuka kila siku, na huijua kalenda yao. Sisi hatupewi ahadi ya tarehe. Hata hivyo wako wasafiri wanaotuunganisha nao. Ndege wadogo wengi huikimbia baridi ya Ulaya na Asia, na huko Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, si mbali na hapa, wataalamu wamekuwa wakiwanasa na kuwavisha pete miguuni tangu mwaka 1969, khasa katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba. Kwa ndege hao Novemba ni mwezi wa kuikimbia njaa ya kwao. Kwetu ni mwezi wa kuchipua.

Sasa nataka kuwaambieni habari isiyonipendeza, kwa sababu huenda itawafaa.

Miaka michache iliyopita niliwekewa mezani tangazo la majira ya mvua, nilifasiri. Tangazo lile halikusema ya kuwa mvua itakuwa nyingi. Lilisema ya kuwa yaelekea zaidi kuwa nyingi kuliko kuwa ya kadiri au chache. Maneno yale yalikuwa marefu na ya kuzungukazunguka, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika hivi: “Mwaka huu mvua itakuwa nyingi.” Nikaona nimeandika Kiswahili kizuri, chepesi, cha kueleweka na kila mtu.

Mama yangu aliyasikia maneno yale, akayaamini, kwa kuwa yametoka kwa mwanawe. Mvua ya kwanza ilipopiga alifungua vibuyu vyake vyote, akapanda mahindi, kunde na ndengu, asibakize hata kibaba. Mvua ikanyesha siku tatu, kisha ikakatika. Mimea ikachipua, ikasimama, ikanyauka. Mvua ilipokuja mara ya pili, majuma kadhaa baadaye, ardhi ilikuwa tayari, lakini vibuyu vilikuwa vitupu. Alikwenda kwa jirani kuomba mbegu, naye ni mtu ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiombwa.

Nilipofika nyumbani hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, karatasi ile ya wataalamu ilisema hivyo?” Nikamjibu, “La, mwaitu, haikusema hivyo.” Nikachukua kunde kumi, nikazitia katika kibuyu: tano nyekundu, tatu nyeupe, mbili nyeusi. Nikamwambia, “Ukitia mkono bila ya kutazama, yaelekea zaidi utatoa nyekundu kuliko nyeupe au nyeusi. Ndivyo ilivyosema karatasi.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi ungeniambia ya kuwa nyeusi nazo zimo.”

Ndugu zangu, kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la mama wala la wataalamu. Tangu siku ile sijaandika tena “itakuwa” mahali pa “yaelekea”. Nanyi, mnapolisikia tangazo katika redio au kulisoma katika simu, msilidharau, maana lina maarifa mengi. Wataalamu hutazama joto la maji ya bahari. Bahari ya Pasifiki ikipata joto la El Niño, mara nyingi vuli yetu huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2023; na hali iliyo kinyume chake, iitwayo La Niña, mara nyingi huipunguza. Bahari ya Hindi nayo ina nguvu zake: mwaka 2019 upande wake wa magharibi ulipata joto jingi, tukapata mvua kubwa. Lakini kila mara ulizeni, Je, nyeusi ni ngapi katika kibuyu?

Labda mtu atasema, Ikiwa hakuna hakika, basi na tukae tungoje. Hapana! Hilo ndilo ninalotaka kulipinga. Mavuno ya nthwa huanza kupatikana au kupotea katika miezi hii ya majivu, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Ardhi yenyewe hailali bure. Mtaalamu mmoja, H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza mwaka 1958 ya kuwa udongo uliokauka sana, ukilowa tena, hutoa kwa ghafula chakula kingi cha mimea. Ndiyo kusema kwamba ukavu huu unaotuchosha unaweka akiba, na akiba hiyo hufunguliwa na mvua ya kwanza. Mbegu iliyokwisha kuwamo ardhini huila. Ichelewayo hukuta nyingi imekwisha chukuliwa na maji au magugu. Ndiyo sababu wazee wetu walipanda sehemu ya mbegu katika udongo mkavu.

Basi nina mambo manne ya kuwakumbusheni.

Kwanza, mbegu. Huu ndio mwezi ambao mtoto hulia na kibuyu cha mbegu kinaning'inia juu ya moto. Sisemi neno la kumlaumu mzazi yeyote. Lakini jirani akijua ya kuwa mwenzake amefikia kuipika mbegu, na amwazime chakula mapema. Kibaba cha leo ni chepesi kuliko gunia la Februari.

Pili, gaweni mbegu. Panda sehemu moja katika ukavu, sehemu ya pili mvua ikishika, na sehemu ya tatu iwe akiba, ikiwa mvua itakatika. Mama yangu hufanya hivyo sasa kila mwaka.

Tatu, msitegemee mahindi peke yake. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 huko karibu na Machakos, hukomaa upesi, na ndiyo yatufaayo kuliko ya nyanda za juu. Lakini hata hayo hushindwa mahali ambapo mtama, uwele, kunde na ndengu huvumilia.

Nne, matuta. Mvua yetu huja kwa vishindo vichache, na maji yakikimbia huchukua udongo. Fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, ni ufundi uliokua katika Ukamba wetu, na umefundishwa hata nchi za mbali. Yatengenezeni matuta sasa, kwa mwethya, kama walivyofanya mama zetu. Vikundi vya Makueni na Kitui vimejenga pia kuta katika mito ya mchanga, ili mchanga uyashike maji jua lisiyanywe. Maji hayo huchotwa wakati kama huu.

Wazee walizipa njaa majina ili zisisahauliwe. Iko Yua ya Ndeke, ya mwaka 1961, chakula kilipoletwa kwa ndege. Iko ile ya miaka ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika fedha mkononi, maana chakula cha kununua hakikuwapo. Na sisi tuliyaona wenyewe majira ya mvua yaliyoharibika kwa kufuatana, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwaka 2022. Majina hayo yanatufundisha ya kuwa fedha si mbegu, na tumaini peke yake si mbegu.

Jana jioni nilipita chini ya mbuyu ulio karibu na nyumba yetu. Wingu halikuwapo hata moja. Lakini katika ncha za matawi niliona majani machanga yameanza kutokeza. Mti ule haujaona tone la maji tangu Mei. Umetoa majani kwa maji uliyoyaweka katika shina lake. Nilimwita mama aje auone. Akautazama, akasema, “Basi kesho tutengeneze matuta,” akaingia ndani kuhesabu vibuyu vyake.

Mungu atujalie vuli njema, na itukute tayari.